Waliomfunga Baba

Barua ya posa ilipofika kwetu Tanga, baba aliisoma mara moja, akaikunja, akaitia chini ya redio. Mchumba hakuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwao: Mwera.

"Watu walionifunga kamba mimi, leo niwape binti yangu?"

Kisa hicho tulikua nacho. Ujanani baba alikuwa baharia wa boti ya mizigo. Boti ikapanda mwamba, ikazama, yeye akatupwa ufukweni upande wa Pangani. Watu wakambeba hadi Mwera. Wanaume wanne wakamvuta mguu mpaka akazimia. Wakamfunga kitandani, msichana akalala mlangoni kumlinda, na chakula kilikuwa uji usio na sukari. Alfajiri moja akajikokota, akatoroka. Kila baba alipokisimulia akafika kwenye sukari, mama alikuwa akijikohoza. Mguu wa kulia umepinda tangu hapo, nasi watoto tuliutazama kama ushahidi.

Mimi nina hasira za karibu, na nilikuwa nimeshapenda. Wiki nzima sikumpikia baba chai yake ya tangawizi. Kisha hasira ikageuka swali. Mtu hatekwi bure, na baba hakuwahi kutuambia walikuwa wanataka nini.

Nikaaga kwamba nakwenda Muheza kununua machungwa, nikashika njia ya kusini: basi hadi Pangani, pantoni, kisha bodaboda. Hata mchumba wangu sikumwambia. Binti kujipeleka ukweni posa haijajibiwa ni aibu ambayo shangazi zake wangeisimulia mpaka kwa wajukuu.

Mwera niliulizia habari za baharia aliyefungwa. Muuza maandazi akanielekeza kwa mama mmoja, fundi wa kuunga mifupa, kazi aliyoirithi kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umevunjika wapi?"

Nikamwambia mimi mzima, natafuta habari za baharia tu.

"Yule wa Tanga? Tulimfunga sisi. Mimi na marehemu mama yangu."

Alisema bila haya hata kidogo. Nikaiona posa yangu inazama kama ile boti. Nikamuuliza aliwakosea nini.

Akanitazama kama anayejiuliza labda kilichovunjika ni kichwa. Akaingia ndani, akarudi na vipande vya mianzi vilivyosukwa kwa kamba, vyeusi kwa mafuta.

"Mguu ulivunjika mahali pawili. Usipovutwa utaungaje? Usipofungwa utatuliaje? Homa imempanda, kila mara anataka kusimama. Ndiyo maana nikawa nalala mlangoni. Na sukari, mwanangu, hata sisi hatukuwa nayo." Kisha akashusha sauti. "Aliondoka kabla mfupa haujashika. Mama alikufa akimuulizia. Anatembea?"

Nililia palepale barazani. Mtu hufungwa jela, hufungwa kamba, na hufungwa kidonda, na nyumba yetu nzima hakuna aliyewahi kuuliza baba alifungwa kufungwa gani.

Machungwa niliyanunua stendi Tanga. Baba akamenya moja, akaonja.

"Haya si ya Muheza."

Nikamweleza yote, mpaka mianzi. Nilijiandaa kwa ukali wake. Akabaki anausugua muundi wake.

"Nilikuwa na miaka ishirini," alisema hatimaye. "Nimeamka nimefungwa, wenyewe wanazungumza Kizigua chao, sielewi neno. Nikaogopa. Baharia kutekwa si aibu, mwanangu. Kuogopa ndiyo aibu. Baadaye nilianza kushuku, lakini kisa kilikuwa kimeshakuwa kizuri."

Mama, aliyekuwa akikuna nazi, akajikohoza.

Nilimpenda baba saa ile kuliko siku zote za ushujaa wake, nami nikamwambia hivyo. Akajifanya hakusikia.

"Yule msichana wa mlangoni yu hai?"

"Ndiye aliyeniuliza kama unatembea."

Baba akaiinua redio, akaitoa barua, akaikunjua taratibu na kuilaza mezani.

"Leta kalamu. Waje Jumamosi. Na yule fundi aje nao, na mianzi yake, mguu huu wakati wa baridi hunitesa." Akasita kidogo. "Mwambie safari hii sitoroki."