Vita vya Pangoni na Mabega ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa na hadithi moja ya vita, nami sikuwahi kuipenda. Mashujaa wa zamani walizingirwa pangoni na majitu yanayomeza ng'ombe pamoja na pembe zake. Juu ya pango palikuwa na tundu. Mtu angeweza kulifikia kwa kukanyaga mabega ya mwenzake, akatoka na kupiga baragumu. Lakini waliobaki hai walikuwa wawili tu, kijana na baba mkwe wake, na kijana akakataa kumkanyaga mkwewe. Wakaliwa wote. "Walikufa na heshima yao," mzee alimalizia. Kwetu mtu na baba mkwe wake hawagusani. Hata kupeana mkono tuliona taabu.

Kisha dhahabu ikapamba moto Tarime. Mzee akaacha shamba lake Ringwani, na kwa kukosa mtu mwingine wa kumwamini, akanichukua mimi. Mchana mmoja tukiwa chini kwenye duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta zake, yalikatika nyuma yetu na udongo ukafunga njia. Tulibaki kwenye kijishimo ambacho watu wawili hawawezi kukaa bila magoti kugusana. Tukajikunja, kila mtu upande wake, kama watu waliogombana.

Juu yetu palikuwa na upenyo uliotokea kwenye duara la jirani. Niliumulika kwa tochi. Naye aliuona. Hakuna aliyeutaja, na hewa ilizidi kuwa nzito. Niliogopa, na hofu yangu siku zote hugeuka hasira.

"Mkwe," akasema, "vile vita vya pangoni vingeshindika?"

Nusura nimtukane. "Tata, majitu yalikuwa mengi. Hata huyo kijana angetoka, peke yake angefanya nini?"

"Angepiga baragumu. Watu wa kijiji cha Busawe wangesikia, wangekuja na mikuki."

"Na mzee aliyebaki ndani? Si angeliwa?"

"Angengoja. Kungoja siyo kuliwa."

"Basi miaka yote hii umetudanganya?"

"Nilisimulia ujinga." Akasimama, akageukia ukuta, akaushika kwa mikono miwili. "Vilikuwa vinashindika. Panda."

Nilikataa. Akaniambia, bila kugeuka, kwamba hakumwoza binti yake ili awe mjane wa heshima.

Nikapanda. Buti zangu zilikuwa na tope, na nilisikia kitu kikilia ndani ya bega lake. Nilijipenyeza, ngozi ya mgongo ikachubuka, nikatokea kwenye duara la jirani nikipiga ukunga mpaka koo likakauka. Machimbo yote yakaja na sururu.

Mzee alitolewa hai, ila bega lake la kushoto halikuinuka tena. Wazee wa ukoo walitaka nitoe mbuzi wa kuondoa ile aibu, naye akawafukuza uani kwake. Hata hivyo sikuweza kumtazama. Nikienda kwake nilikaa mlangoni, uso nimeuelekeza nje.

Jioni moja, nikiwa palepale mlangoni, wajukuu wakamwomba hadithi. Akafika pangoni, akafika kwenye tundu, akanyamaza. Mwanangu mkubwa akamalizia kwa mazoea, "Wakaliwa wote."

"Nani kakwambia?" Mzee akanyoosha ule mkono mzima kuelekea mlangoni. "Muulize baba yako. Yeye alikuwepo."