Kiganja Changu Kwenye Daraja la Vioo

Harufu ya dawa ya kusafishia vioo, ile ya buluu inayowasha pua, hunikuta popote na kunirudisha Al Barsha, mtaa wa Dubai, kwenye chumba tulichopanga enzi baba akiwa mpishi wa hoteli na mama akifuta vioo. Mama alikuja nayo nyumbani kila jioni, kwenye nywele na mikononi. Nadhani hata chapati zake zilinukia hiyo dawa kwa mbali, na baba, mpishi wa watu, alizila hadi ya mwisho.

Siku hizo darasa zima lilikuwa na wazimu wa katuni moja ya Kijapani iliyotiwa sauti za Kiarabu. Kuna mahali yule msichana shujaa anafika Dubai, anampoteza mama yake kwenye umati, kisha anasimama kwenye daraja refu la vioo linalotoka stesheni ya metro na kubandika kiganja kwenye kioo. Mchoraji alilichora daraja lenyewe, hadi kibao cha njia ya kutokea. Basi wenzangu wakawa wanapelekwa na wazazi wao, wanabandika viganja palepale, wanapigwa picha, wanakuja kututambia.

Mimi nilikuwa na la kutambia kuwazidi: vioo vya daraja lile vilikuwa vikifutwa na mama yangu. Hakuna aliyeniamini. Nikataka picha moja tu, mimi na mama mbele ya kioo kile, niwafunge midomo.

Mama alikataa kwa wiki nyingi. Mkataba wake ulikuwa ukingoni, baadhi ya wenzake walishaambiwa khalas, kazi imekwisha, na msimamizi hakutaka kuona ndugu wala jamaa kazini. Mshahara wa baba peke yake haukutosha kodi. Mama akikosa kazi, mimi na yeye tungerudi Nakuru na baba angebaki na kitanda kimoja kwenye chumba cha wanaume. Niliyajua yote haya, maana kwetu watoto hawakufichwa mambo ya mkataba. Mwishowe alikubali, kwa sharti.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," baba alinikumbusha tukiwa njiani. "Utasimama, nitapiga, mama atakuwa anapita hapo nyuma. Usimwite. Umesikia?"

Nilisikia vizuri sana. Lakini nilipobandika kiganja na kumwona anakuja na ndoo yake, nywele zimefichwa chini ya kofia, mdogo kuliko alivyokuwa nyumbani, neno likanitoka.

"Mama."

Msimamizi, aliyekuwa akiongea na simu pale karibu, akageuka.

Mama hakunitazama. Alikipulizia dawa kioo changu, akaanza kufuta pembezoni mwa mkono wangu, kidole kwa kidole, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Akafuta juu, akafuta chini, akarudia. Msimamizi alitazama kidogo, kisha akarudi kwenye simu yake. Bado mama alifuta. Ndipo aliposema, kwa Kiingereza chake cha kazini, "Excuse me, madam." Nikaondoa mkono. Akaifuta alama ya kiganja changu ikaisha, akainua ndoo, akaenda zake.

Nililia njia nzima ya kurudi. Jioni mama alijaribu utani. "Leo nimemhudumia madam mmoja, gauni lake nililifua mwenyewe jana." Sikucheka. Niliona amenikana mbele ya watu. Na zile picha alizopiga baba hazikunisaidia chochote, kwa sababu wenzangu waliona mtoto na mfanyakazi wa usafi, basi. Mkataba ulipofanywa upya, baba alipika biriani na mimi nikala nimenuna.

Nimekua, na nimewahi kufanya kazi ya duka la nguo ambako asubuhi tulianza kwa kufuta vioo vya kujitazamia. Kioo safi unakipitishia kitambaa na kuendelea na kingine. Ukiganda kwenye kimoja, msimamizi anakuuliza una nini. Siku moja nikiwa na kitambaa mkononi nilimkumbuka mama, na jioni nikamwomba baba anitumie zile picha.

Zilikuwa nyingi, maana baba alipata nafasi ya kupiga. Nyuma ya mama daraja zima limejaa alama za mikono ya watoto, zinamsubiri. Kioo chetu kinang'aa tangu picha ya kwanza, kabla hajapuliza dawa. Aliendelea kukifuta, na katika kila picha yuko pale pale, bega lake karibu na langu.