Meno ya Yaya Mbuyi

Mwanangu, kuna siku moja ambayo naikumbuka kuliko zote za ujana wangu: siku wazee wa kijana aitwaye Ilunga walipokuja mtaani kwetu Ruashi kumposa pacha wangu, Mbuyi. Yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kwa hiyo nilimwita yaya, yaani dada mkubwa. Sote wawili meno yetu ya mbele yalikuwa na madoa meupe kama chokaa, na ukahawia kidogo pembeni. Wengine walisema ni maji ya kisima, wengine homa ya utotoni. Hayakutuuma. Tulimenya miwa kwa meno hayo hayo, tukacheka mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Siku ile Yaya alileta vinywaji, akatabasamu. Shangazi yake Ilunga akamtazama mdomoni, akasema mbele ya wote:

"Mutoto iko muzuri, lakini hii meno! Ni bugonjwa ya kwenu?"

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Yule mama alimaliza limonadi yake, akasahau. Yaya hakusahau.

Sokoni palikuwa na bwana mmoja mwenye kioo, tupa ndogo na chupa ya dawa isiyo na jina. Alisafisha meno ya watu, yakawa meupe kweli. Mama yetu alimkataza Yaya. Ilunga mwenyewe alimwambia, "Miye nilikupenda na ile ile meno." Hakusikia. Alikwenda peke yake, akarudi midomo imeungua, lakini meno yanang'aa. Akanishika mkono.

"Kabanga, angalia! Na weye utaenda."

Nilimwonea wivu, sikufichi.

Weupe ule haukukaa, nami sikwenda. Maji baridi yakaanza kumchoma, kisha chai, kisha hata upepo. Meno yakageuka manjano, kingo zikamomonyoka kama mkate mkavu. Siku ya harusi, kila picha amefumba mdomo.

Tukampeleka kwa daktari wa meno, mama mmoja mpole sana. Alitazama kwa muda mrefu.

"Madoa ilikuwa ku juu tu," akasema. "Tungeisugua pole pole, ao tuifunike na dawa ya rangi ya jino. Lakini ile dawa ya soko ni asidi, imekula ngozi ya jino, na ngozi ya jino haioti tena."

"Hata kidogo, dokta?" Yaya akauliza.

"Hata kidogo," akajibu daktari. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwishowe meno ya mbele yakaoza, yakang'olewa. Ya bandia hakuyazoea. Akaacha kuimba kanisani, akaacha kucheka, akawa anazungumza mkono ukiwa mdomoni. Ilunga alimtania, akambembeleza, mwisho naye akakata tamaa. Watoto wao walikua bila kujua kicheko cha mama yao. Siku moja yule mdogo alimuuliza mbele yangu, "Mama, mbona kila siku uko nakasirika na siye?"

Yaya aliingia chumbani. Nilimfuata, nikamkuta amejifunika kitenge uso mzima. Nikaketi naye kitandani mpaka giza likaingia. Mpaka leo bado anafumba mdomo.

Nakuambia haya kwa sababu nimewaona kwenye simu yako hao wanaouza unga na maji ya kung'arisha meno, na najua damu changa haisikii upesi. Sikukatazi kupendeza. Doa si aibu, mwanangu. Likikusumbua, nenda kwa mtu aliyesomea kazi hiyo. Muulize kwanza ataondoa nini, na kama anachoondoa kitarudi. Akibabaika, inuka kwenye kiti chake, toka. Na usimtajie mtu kasoro ya mwili wake mbele za watu, hata kwa mzaha. Hujui ataibeba mpaka wapi.

Pacha wangu sikuweza kumkinga. Basi Mwenyezi akukinge wewe, akuzungushie watu wanaokupenda ulivyo, na akupe moyo wa kuwaamini wanapokuambia hivyo. Amina.