Pilone ya Kanyabayonga haikuwa yetu

"Salumu ametuuza. Aksyo hazijashuka. Yeye aliziuza zikiwa juu, na sasa anatuonyesha bei za uongo."

Maneno hayo yaliandikwa wiki jana katika kundi letu la WhatsApp na mtu nitakayemwita Katembo, muuza mabati wa Butembo. Watu wanane wakamwekea dole gumba. Ni uongo mtupu. Bei za hisa katika soko la nchi jirani hutangazwa kila jioni, na yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma. Mimi nazisoma. Zimeanguka kwelikweli, na Salumu hakuuza hata moja. Admin wa ukurasa huu, ficha jina langu, lakini usikate neno.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mwalimu wa sekondari, naishi Mulekera hapa Beni, mashariki mwa Kongo. Tuko watu kumi na mmoja, wengine Beni, wengine Butembo. Tulichanga tukanunua hisa, ambazo sisi tunaita aksyo, za kampuni moja ya simu ya ukanda huu. Kwa kuwa hatukuwa na konti ya benki ng'ambo ya mpaka, zote ziliandikwa kwa jina la Salumu, Mwislamu mwenye malori yanayopita mpaka wa Kasindi. Hatukuandikiana karatasi yoyote. Kwetu mtu aliyebeba mizigo yako miaka kumi bila kupoteza hata gunia moja haombwi karatasi.

Kazi yangu ilikuwa kusoma. Habari za kampuni hutoka kwa Kiingereza na Kifaransa, nami nilizifafanua kwa sauti ndani ya kundi. Lakini watu wa biashara wanaamini jicho kuliko sikio, kwa hiyo madereva wa malori nao walitumwa kuhesabu pilone za rezo barabarani, yaani minara ya mtandao wa simu. Pilone mpya ikionekana, kundi linashangilia kama vile tumeijenga wenyewe.

Basi ikatoka habari kwamba kampuni yetu imepata kontra, yaani mkataba, ya kuweka rezo Lubero kusini. Barabara ilikuwa bado inapitika, na dereva mmoja akatuma picha ya pilone mpya inayosimamishwa huko huko, karibu na Kanyabayonga. Nilirekodi sauti ndefu. Nikasema jambo limekwisha, mwenye macho na aongeze aksyo. Mtu mmoja tu aliuliza, naye ni Salumu: "Mwalimu, hii pilone iko ya nani? Sijaona jina juu yake."

Nilimjibu mbele ya wote: "Papa, wewe endesha malori, kusoma utuachie sisi."

Walicheka siku mbili. Mdogo wangu wa kike, nitamwita Masika, mjane anayeshona nguo Mususa kule Butembo, alinipigia simu. "Yaya, kaka yangu, wewe njo unasomaka. Nizidishe ao niache?" Nikamwambia azidishe. Akauza mashine moja kati ya zake mbili.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Siku chache kabla hajaiuza, nilikuwa nimeipata ripoti ya kampuni yenyewe. Sikuisoma yote wakati ule, nilisoma ukurasa wa kwanza wenye picha za watu wanaopeana mikono. Nilipofika ukurasa wa tisa, mashine ilikuwa imekwenda. Pale, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba hakuna kontra. Kulikuwa na barua tu ya kuonyesha nia ya kuzungumza. Na pilone zile ni mali ya kampuni nyingine kabisa, inayokodisha kwa yeyote anayelipa. Tulikuwa tunahesabu nyumba tukidhani ni za mpangaji.

Bado kulikuwa na muda wa kuuza aksyo zetu. Nilinyamaza wiki tatu. Mimi ambaye hugombana na padri kuhusu mahubiri, na meya kuhusu barabara, nilishindwa kurekodi sauti ya dakika moja kusema nilikosea. Nilijidanganya kwamba mazungumzo yatazaa kontra. Kisha ikatangazwa kwamba kontra imepewa kampuni nyingine, na bei ikaporomoka.

Nina hasira na wakubwa wa kampuni wanaotangaza arusi kabla ya posa. Nina hasira pia na Katembo, ambaye hakuwahi kufungua ripoti hata moja lakini leo ni hakimu. Jumapili hii, katika mkutano wetu, wanataka kumfukuza Salumu na kuondoa mizigo yao yote kwenye malori yake. Wakifanya hivyo, amekwisha. Hakuna mfanyabiashara wa Butembo atakayempa hata katoni ya sabuni. Na Masika ndiye anayesema kwa sauti kubwa kuliko wote: "Ule mutu wa malori amekula mashine yangu."

Salumu hajajitetea popote. Amenipigia mara moja tu. "Mwalimu," aliniuliza polepole, "ile karatasi ulisomaka mpaka mwisho?" Nikamwambia rezo ni mbaya, simsikii. Nikakata. Rezo ilikuwa safi.

Ninyi mnaofuata ukurasa huu kwa maelfu, nawaombeni ushauri wa jambo moja tu: nimwendee Masika kwanza nyumbani kwake nimweleze, au asikie pamoja na wengine? Yeye hasomi ukurasa huu. Kwa baba na mama tumebaki mimi na yeye tu, na sijui atanitazamaje.

Lakini ninyi wanane wengine wa kundi letu, najua mnasoma hapa, na tangu neno pilone mmeshanitambua. Kwenu siombi ushauri. Katembo, futa ulichoandika, leo. Acheni mizigo yenu kwenye malori ya Salumu. Jumapili mwekeeni kiti chake pale pale anapokaa siku zote, na maswali yenu yote mniulize mimi. Nitakuja na ripoti, na nitaanza kuwasomea ukurasa wa tisa.