Niliyemfokea Kando ya Bwawa

Dada yangu alipokuja Kitale kutoka Bungoma, alikuta maji ya bwawa letu la kuogelea yamekuwa kijani kibichi, hata sakafu haionekani. Niliona haya, nikatafuta wa kulaumu. Mzee aliyekuja kila Jumatatu kulisafisha alikuwa wa rika la baba yangu. Nilimfokea mbele ya dada na majirani waliokuja kumsalimu.

"Dawa huweki! Unakuja kukaa tu!"

"Pole, mama," akasema, akachukua brashi.

Wiki hiyo alikuja kila siku. Alisugua kuta, akatia klorini, akaosha chujio. Maji yakawa meupe kama yametiwa maziwa, kisha vigae vya chini vikaanza kuonekana.

Ndipo dada akaniuliza, "Kwani ile pampu ya kuzungusha maji ya bwawa yasioze, uliyoniambia kwa simu umeizima, ati inakupigia kelele, uliiwasha lini?"

Sikuwa nimeiwasha. Nilimfuata mzee nyuma ya nyumba.

"Uliikuta imezimwa?"

"Niliikuta, mama."

"Na mbona hukusema?"

"Ningesema aje, na wageni wako wanasikia?"

Nilimwomba msamaha kwa sauti ya chini, tukiwa wawili tu, naye akakubali. Jumamosi majirani walewale walirudi kunywa chai. Mmoja akayatazama maji, akacheka: "Si huyo mzee alikuwa anataka tu kukaripiwa!"

Dada aliniangalia, akingoja niseme kitu. Nilimwongezea jirani chai.