Pua ya Shangazi

Shangazi yangu aliuza nyama ya porini kwa miaka ishirini na miwili, na bucha lake lilisifika kwa sababu ya pua yake. Mizigo ilitoka kwenye mashamba ya wanyamapori yenye vibali, kila mnyama na muhuri wake, lakini muhuri hauzuii nyama kuharibika njiani. Swala aliyepigwa risasi ya tumbo, hata anawiri vipi kwa nje, huanza kuoza ndani ya paja, karibu na mfupa. Shangazi alikuwa akichoma kisu chembamba pale, anakichomoa, anakinusa, kisha anasema "shusha" au "mrudishe kwa mama yake." Madereva walimwogopa kuliko trafiki.

Kisha akaugua mafua mabaya. Yeye alipona, pua haikupona. Tulijua wawili tu, yeye na mimi msaidizi wake. Tukapatana kwamba ataendelea kunusa kisu mbele za watu, nami nitasimama ubavuni kwake. Nikikohoa, anakataa mzigo. Nikinyamaza, anapokea. Miezi minane ikapita bila mtu kushtuka.

Siku moja alinisema mbele ya wateja. Nilikuwa nimechanganya vipande vya paa na vya pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, kwenye beseni moja, naye akaniuliza kama shuleni nilikuwa nafuata uji tu. Bucha zima likaangua kicheko. Mimi, mtu mzima na akili zangu, nilinuna mpaka masikio yakawaka moto. Muda si muda gari likaleta swala dume. Shangazi akachoma kisu, akakipeleka puani. Harufu ilinifikia pale pale niliposimama. Nikamtazama, nikakibana kikohozi kooni.

"Shusha," akasema.

Kesho yake walikuja wateja watatu na mifuko yao, nyuso zimekunjamana. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, mteja wetu tangu bucha lilipofunguliwa, aliuweka wake mezani taratibu.

"Mama, hii hata paka wangu kaikimbia."

Nilidhani shangazi atamtupia dereva lawama. Badala yake alivua aproni, akaikunja.

"Mwalimu, mimi sina pua tena. Tangu niugue, sinusi chochote. Anayenusa hapa ni huyu, binti wa kaka yangu." Akaniwekea mkono begani. "Na hajaniangusha hata siku moja. Kama jana alinyamaza, basi mnyama alifika salama, akaharibikia mikononi mwangu. Msimlaumu yeye."

Aliyasema hayo bila kunitazama, maana hakuwa na shaka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Kusema kweli kungechukua dakika moja, na waliokuwepo walikuwa watatu tu.

Mwalimu alinigeukia, akanipongeza kwa kumsitiri shangazi yangu muda wote ule.

"Asante, mwalimu," nikasema.