Mwaka Wangu wa Kwanza Ushirikani

Nilipomaliza chuo cha uhasibu nilirudi Lushoto nikiamini nimeiva. Ushirika wa wakulima wa mboga ukaniajiri kumsaidia mhasibu wao, mama mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja astaafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Koti usivue, utajuta."

Ukungu ulikuwa umegandama dirishani. Akanisogezea boksi la stakabadhi: nyingine zimelowa, nyingine zimeandikwa kwenye karatasi za daftari la shule, moja ina tope. "Niandalie hesabu za mwezi," akasema, akaendelea na kazi yake.

Chuoni swali lilikuja limeshaoshwa, kila kitu mahali pake. Hapa palikuwa na boksi tu. Hadi saa sita sikuwa nimeandika mstari hata mmoja, na machozi yananilenga.

"Kwani hamkufundishwa?" akauliza, bila kejeli.

"Tulifundishwa kujaza, mama. Kutafuta hatukufundishwa."

Kesho yake tukapanda Malindi, ile ya huku huku milimani Lushoto, wakulima wanakopimia mzigo. Akanipa ile karatasi yenye tope. "Aliyeandika ni yule pale kwenye mizani. Kamuulize." Nikamuuliza. Alipoandika "kumi" alimaanisha matenga, si magunia. Kumbe ndilo lililonishinda siku nzima.

Miezi ikapita, akaniachia nisome taarifa mbele ya wanachama. Nilisoma kwa madaha: mali za kudumu, uchakavu, thamani halisi. Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Umesoma vizuri, binti. Sasa ile pampu ya maji tunayo au hatunayo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamtazama mama anitetee. Hakunitetea.

"Rudia," akasema, "kwa Kishambaa."

Lugha niliyolelewa nayo sikuwahi kuifanyia hesabu. Nilikwama, nikatafuta maneno, mwisho nikasema pampu tunayo ila inazeeka, na kila mwaka tunakubali kwamba imezeeka kidogo. Mzee akatikisa kichwa: ameelewa. Siku hiyo ndiyo niliyohitimu.

Mama alistaafu, nami nikapata kazi Dodoma. Kila msimu wa plamu alinipigia: "Njoo, zinaanguka tu huku." Nikajibu mwezi ujao, mama. Miaka mitatu nilijibu hivyo. Habari za msiba wake zilinikuta tunafunga hesabu za mwaka. Hakuna aliyeninyima ruhusa, sikuomba.

Sasa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo huletwa kwangu, vyeti vyao vizuri kuliko changu. Juzi mmoja alikaa mbele ya lundo la karatasi, mikono mapajani, haya imemjaa. Nilitaka kumwambia twende tukamtafute aliyeziandika. Lakini aliyeziandika yuko mkoa mwingine, na gari la kutupeleka halipo. Nikavuta kiti, nikakaa kando yake. Nilitamani sana awepo mwingine wa kukaa kando yetu sote wawili, atuambie tusivue makoti.